Farasi na mugongo mubovu: note yangu ya manege moja ya Lubumbashi

Bon, nianze na note ya hii manege, fasi ya kufundishia kupanda farasi, juu shiye batu ba Lubumbashi hatuna pasiensi na mutu mwenye kuzungukazunguka. Tatu na nusu ku tano. Zile tatu ni za farasi, za monitere (mwalimu) na za ule papa mwenye analindaka farasi, ile nusu ni ya ngazi ya kupandia, kitu kidogo lakini nitawaeleza. Na yenye nilikata, moja ni ya promenade, ile matembezi ya farasi mu pori, ingine nusu ni juu hakuna mutu ata mumoja mwenye aliniuliza kama niko na ugonjwa.

Jina ya fasi siandike. Kuna bya kusifu na kuna bya kulalamika, na sitaki makelele. Mujue tu ni kando ya muji, unakamata barabara ya Kipushi, unaacha lami, unaona miti mirefu na kibambazi ya matofari, umefika.

Hii naandikia batu benye banakuwaka na mugongo ao shingo yenye haiponaki. Wewe mwenye uko na mugongo muzima utapata ma avis ya kukutosha kwingine, benye banahesabu kama kafe ilikuwa ya moto na kama kuna fasi ya kufanya foto. Mi nilikuwa natafuta avis ya mutu mwenye anashukaka mu kitanda kwa mupango, muguu moja kisha ingine, na sikuona, njo maana naandika.

Mugongo yangu iko hivi: disiki moja ya chini kabisa, kati ya L5 na S1, ilitoka kidogo fasi yake, munganga anaita erni, na inakanyaga musipa wa muguu wa kushoto, ile siatiki, maumivu ya umeme mu muguu, yenye benye kuijua habahitaji maelezo. Shingo nayo imekauka. Natumika mu biro ya transit, na miaka yote ile yenye nilikuwa naenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, na kurudi, karibu kilomita 90 kila upande, mu gari ya kazi yenye siti yake ilishakufa, na ukifika unakaa tena mbele ya ordinatere kungojea ba dosie ya ba kamyo, njo bilimaliza disiki yangu. Munganga anasema haiko paka gari, kuna umri, kuna na damu ya familia. Mi nasema ni Kasumbalesa.

Kine wangu, ule mwenye kutunza mugongo na mazoezi, eko mutu wa maneno kidogo. Kitu chenye alinirudilia tangu mwanzo ni kama mugongo ya namna hii haipendi kitanda, inapenda kutembea, na kama tumbo na matako hayana nguvu mugongo njo inalipa deni yabo. Sasa mi nasindikizaka mutoto wa yaya yangu ku masomo ya farasi, nakaa pale ku banki ya mbao saa nzima, na banki ile ndiyo adui ya kweli ya mugongo, ikafika siku nikamuuliza kine: na mi nikipanda je? Akafikiri. Akasema: pas, ndiyo. Trote, tutaona. Galo, sahau kwanza. Na siku yenye muguu inawaka moto usiende kabisa.

Kwa benye habajui, farasi eko na mwendo tatu za kawaida. Pas ni kutembea, miguu ine inakanyaga moja moja, ta-ta-ta-ta, na hakuna wakati yote inakuwa hewani, njo maana hairushi mutu. Trote ni miguu mbili mbili kwa kukingama, mubele ya kuume na nyuma ya kushoto pamoja, halafu mingine, na katikati kuna kidogo ya kuruka, ile kuruka njo inakupandisha na kukuangusha ku sele, kiti ya juu ya farasi, na kama hujui kuifuata mugongo yako inakuwa mahindi mu kinu. Galo ni pigo tatu, na batu benye banajua banasema ni laini kuliko trote, lakini iko mbio, na kuanguka na mbio haiko sawa na kuanguka mu pas.

Sasa ile pas, ba ndugu. Sikuamini. Unakaa, farasi anatembea, na kiuno yako inaanza kutembea pamoja naye, mbele na nyuma, kushoto na kuume, kidogo na kuzunguka, bila wewe kufanya kitu. Monitere alinieleza kama kiuno ya farasi mu pas inasukuma kiuno ya mutu karibu vile kiuno yetu inaendaka wakati tunatembea na miguu, na farasi anakanyaga kama hatua 100 kila dakika, kwa hiyo mu nusu saa umepata ma elfu ya mitikisiko midogo bila uzito wako kuwa ku miguu. Ku inchi za Ulaya na Marekani kuna ba kine benye banatumikaka na farasi kwa sababu hii kabisa, kwa batoto benye kuwa na ulemavu wa bongo na kwa bakubwa benye balipata AVC (kiharusi). Lakini tusidanganyane, hii manege yetu haiko ya matibabu, ni fasi ya sipore, monitere haiko munganga na yeye mwenyewe alinisemea vile bila mi kumuuliza, na kwa hiyo peke yake nampa heshima.

Nikishuka mara ya kwanza nilikuwa nangojea maumivu. Ile siku haikuya. Kesho yake ikauma, lakini ni misuli ya ndani ya mapaja na ya tumbo, ile ya mutu mwenye ametumika, haikuwa ile ya umeme mu muguu. Hii tofauti mutu wa mugongo anaijua sana. Nikarudi, nikaendelea kurudi, na kitu chenye naweza kusema bila kuongeza chumvi ni kama asubui nafungaka kamba ya kiatu bila kukaa chini. Sisemi kama erni imepona. Maumivu inakuya bado, lakini inakuya kidogo na inaenda mbio.

Sasa ngazi. Fasi mingi banakupandisha farasi kutoka chini: unatia muguu ya kushoto mu etriye, ile chuma ya kukanyagia, unashika sele, unajitupa. Farasi wa kawaida eko na metre 1,50 na kupita ku mabega, etriye iko juu ya goti yako, kwa hiyo unakunja kiuno kabisa, unazunguka na uzito wote ku upande moja, ni mambo yote tatu yenye kine anakukataza, zote pamoja, mbele ya batu. Na farasi naye anaumia, sele inamuvuta mugongo kwa upande. Hapa banatengeneza kangazi ka mbao ka daraja tatu, kapana, kanakaa sawasawa, na mupaka hii ngazi ikuwepo hakuna mutu anapanda, ata monitere mwenyewe, ata kijana wa miaka kumi na kitu mwenye anaweza kuruka. Unafika juu, unapitisha muguu, unakaa polepole. Nusu note yote ni yake na singejua kuikata.

Kushuka ni kazi ingine. Bamama mingi tunaogopa kupanda, mi naogopaka kushuka, juu ukijiachilia kutoka kule juu na magoti ya kunyooka, ile pigo inapanda moja kwa moja mupaka ku shingo. Monitere alinifundisha kutosha miguu yote mbili mu etriye, kulalia shingo ya farasi, kupitisha muguu nyuma, kukaa na tumbo ku sele, kisha kuteleza polepole na magoti ya kukunja. Baadaye tukaona ni rahisi zaidi kurudi ku ngazi na kushukia palepale. Bengine balicheka. Bacheke.

Mambo ya sele inahitaji kusema kidogo, juu njo fasi batu banaumia bila kujua. Mara ya kwanza balinitilia ile ya kurukia, sele ya mbele, ma etriye mafupi, magoti iko juu, unakaa sawa mutu mwenye anataka kusimama. Kwa mugongo wangu ilikuwa hapana, kiuno ilijikunja nyuma na nikaanza kukaa ku mukia, ule mufupa wa chini. Nikasema. Ule papa akaenda akaleta ingine, ya zamani, ngozi imechakaa, lakini kiti yake iko na shimo, inakushika, na etriye zake ndefu, muguu inashuka, kiuno inafunguka, sikio na bega na kiuno na kisigino byote biko mu musitari moja. Tofauti ilikuwa palepale. Ukienda, lomba hiyo. Usisikie haya. Na kama biko na sele ya ba cow-boy, zile kubwa za Marekani, kaa yake iko muzuri kwa mugongo na inagawanya uzito ku fasi kubwa ya mugongo ya farasi, lakini usikubali kuibeba wewe, inaweza kupita kilo 15, ile ya kawaida ni nusu ya hiyo ao kidogo kupita.

Na juu tunazungumuza uzito: kanuni yenye batu ba farasi banafuataka ni kama mutu na sele yake bisipite kama 20 ku mia ya uzito ya farasi, bengine banasema ata 15. Farasi wa kilo 500 anabeba kilo 100 mwisho, sele ndani. Hapa kuna balansi ku mulango ya biro na banaitumikisha. Mi nilipanda juu yake mbele ya baba bawili ba costume, nikafunga macho, nikapita.

Shingo sasa. Kichwa ya mutu mukubwa iko kama kilo 4 ao 5, na mutu mwenye anaogopa anaangaliaka chini, mikono yake, masikio ya farasi, muchanga, na kila mara unaangalia chini misuli ya nyuma ya shingo inabeba ile kichwa peke yake. Ongeza kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa. Manege ina kaske za namna mbili, zile za zamani za veluru nyeusi zenye ni nzito na ndani zinanuka, na zile nyepesi za plastiki zenye matundu ya hewa. Chukua nyepesi, na uangalie ndani kama iko na alama ya norme ya usalama; tena kaske yenye ilishaanguka na mutu haifai tena ata kama inangaa. Usipande bila kaske eti juu ya shingo, hapana. Monitere eko na sauti ya kupandisha: angalia mbele, mama, angalia ule muti! Kuna muti moja ya manga kule mwisho ya kibambazi, ule muti naujua sasa kuliko ba voisins bangu.

Trote nilijaribu, na ruhusa ya kine, kisha wakati murefu ya pas tu. Kuna trote ya kukaa na kuna ya kusimama-kukaa, benyewe banaita anleve, unainuka na pigo moja unarudi na pigo ya pili. Ya kukaa nilikataa na ninaikataa. Ile ya anleve naweza upande moja mufupi wa manege, kisha narudia pas, na ni paka siku yenye mugongo iko ya furaha. Kama uko na shingo yenye inauma sana, ata anleve usijaribu bila kuuliza, juu shingo inakamata mitikisiko yenye kiuno ilishindwa kumeza.

Hapa niweke lawama yangu ya kwanza. Hakuna mutu aliniuliza kitu. Nililipa, nikaandika jina na numero ya telephone, nikasaini karatasi yenye inasema nikianguka ni mambo yangu, basi. Mi njo nilisema. Sasa fikiria mutu mwenye hajui. Kuna batu benye habapashwe kupanda: mwenye erni mupya na muguu inaanza kukosa nguvu, mwenye mifupa imekuwa myepesi ya kuvunjika, mwenye shingo haikai imara. Batoto benye kuwa na trisomie (ile ya Down), kwa mufano, bamoja bao mifupa mbili za kwanza za shingo haijafungana muzuri, na fasi zenye zinafanya ile kazi ya matibabu na farasi zinaangaliaka hiyo shingo kwanza mbele ya kumupandisha mutoto. Hapa niliona mama mumoja alileta wake, bakamupandisha, mutoto alifurahi kabisa, na mi nilikaa ku banki na roho juu. Maulizo tano ku karatasi ileile ya kusaini ingetosha. Nilibaambia. Balisema ni wazo muzuri. Karatasi iko vilevile.

Na hii siyo ya manege, ni ya kila mutu wa siatiki: ukisikia ganzi kati ya mapaja, pale unakaliaka, ao mikojo inakataa kutoka ao inatoka bila wewe kujua, ao miguu yote mbili inaregea, usingojee kesho, usiende kwa mutu wa kukanda, enda hopitali siku ileile, Sendwe, Kliniki ya Inivasite, penye uko karibu. Hiyo ni disiki inafinya misipa yote ya chini, na kila saa inahesabu.

Kitu ingine chenye habakuambie ku telephone: somo ya farasi inaanza mbele ya kupanda. Banataka umupanguse farasi, umupitishie burosi, umutoshee matope mu kwato. Ni muzuri kwa kuzoeana naye. Lakini kwato! Unainama kabisa, unashika muguu ya munyama wa kilo 500 mwenye anaamua kukuegemea, unakwangula na chuma, mara ine. Mi nasema bila kuogopa, kwa mugongo mubovu kwato ni hatari kuliko kupanda. Ule papa alinitazama niko nainama na mukono ku kiuno, akakamata kile chuma mu mukono yangu akasema acha, mama, wewe fanya burosi ya mugongo yake na ya shingo. Njo vile tunafanya tangu siku ile. Burosi ya juu unasimama wima, unabadilisha mukono, ni zoezi muzuri ata.

Papa ule mwenyewe, kama mutanipatia nafasi ya kusema, eko na mugongo mubaya kupita wangu. Asubui mapema anasukuma mavi ya farasi na beleshi, anabeba mifuko ya chakula, ma seau ya mayi, mangaribi tena, na anatembea amejikunja upande. Nilimuuliza kama alishaenda kwa kine, akacheka. Kituo yenye inauza hewa muzuri na afya kwa batu ba dola ingeweza kununua ata brouette mbili za magurudumu mazima.

Saa. Masomo ya mangaribi inamalizika mbele ya saa kumi na moja na nusu, na kama wewe unatoka kazi saa kumi hutafika, nilikasirika mbele ya kuelezwa. Ni juu ya tauni ya farasi, ile ya Afrika, inaletwa na tududu tudogo kuliko umbu, tunaumaka sana jua likishuka na usiku, na hasa wakati wa mvula. Farasi mwenye hajachanjwa akiipata mara mingi anakufa, mu siku kidogo. Kwa hiyo banarudisha farasi ndani mbele ya giza, banafunga ma neti, na chanjo ni ya lazima. Nilikuwa nashangaa kwa nini huku kwetu farasi ni kidogo vile, kumbe haiko paka mambo ya makuta, kuna hiyo, na kuna mbungo pia kule mu pori. Basi saa nayo niliwasamehe.

Sasa promenade, ile yenye ilinikatisha note nzima moja. Banauza: saa moja mu pori, unapita kati ya bichuguu, zile kubwa za Katanga zenye zinapita urefu ya nyumba, unaona miombo, hewa safi. Kweli ni muzuri, mwanzo. Lakini balitutia bote pamoja, bijana benye banajua, na mi, na bwana mumoja mugeni, na kijana mumoja mbele kutuongoza. Nilimwambia wazi mbele ya kutoka: mi ni pas tu. Akasema hakuna shida, mama. Tukifika fasi ya wazi akaanzisha trote, na farasi ni munyama wa kundi, wa mbele akikimbia wa nyuma anakimbia, uvute usivute. Nikavuta. Kisha manseba mumoja, wa taksi ya pikipiki, akatokea mu njia na moto yake inalia, farasi ya mbele akaruka kando, yangu akasimama ghafla, na shingo yangu ikaenda mbele na kurudi. Sikuanguka. Lakini siku zilizofuata nilikuwa navaa minerve, ile kola ya kushika shingo, ku kazi na ba kolege banauliza kama ni aksida ya gari. Ule kijana aliniambia ni kidogo tu, mama, utazoea. Hapana, mwana. Shingo yenye iko na artroze, maungo yenye kuchakaa, haizoee.

Nilisema kwa monitere. Yeye alikasirika kuliko mi, na toka pale aliniambia usitoke tena mu kibambazi mupaka mi mwenyewe nikupeleke. Anafaa kuongoza hiyo kituo, lakini haiko yeye mwenye anaongoza.

Yeye njo alinionyesha ku telephone yake picha ya Lis Hartel, mama wa Denmark, alipata polio mu 1944 akiwa na mimba, miguu yake ikabaki bila nguvu toka magoti kushuka, ilikuwa lazima bamusaidie kupanda na kushuka, na mu 1952 kule Helsinki alikamata medali ya feza ya Olimpiki mu dresaje, ile mashindano ya kuongoza farasi kwa utulivu, mwaka ya kwanza yenye balikubalia banamuke kushindana mu ile mambo, mu 1956 akakamata ingine. Shemeji yangu alikuwa anasema mutu mugonjwa hapandaki farasi, nikamutumia ile picha mu whatsap. Aliweka kidole juu, bila maneno.

Bei: dola 25 ku nusu saa ya peke yako na monitere, dola 15 mukiwa kikundi, promenade dola 40. Iko bei, sitasema hapana, kwa dola 25 unapata kine na taksi ya kurudi. Lakini kikundi usikamate kama uko na mugongo, juu kikundi inafuata mwendo ya mwenye nguvu. Kamata nusu saa peke yako, na usikubali bakuuzie saa nzima, misuli ikichoka unaanza kukaa vibaya na hapo njo unajiumiza. Mi kisha dakika 20 nasikiaka kiuno imeanza kulala, nashuka, ata kama nililipa nusu saa.

Na barabara. Ukitoka lami kuna ma dodane (matuta) na mashimo, mu kiangazi vumbi nyekundu, mu mvula mupira wa gari unazama, na ba kamyo ya mine inapita bila huruma. Usiende na moto. Nilienda na moto siku moja yenye gari ilikuwa garaji na nilifika na mugongo ilishakwisha mbele ya kuona farasi. Taksi, ukae mbele, kamufuko ka nguo nyuma ya kiuno, na umwambie shofere polepole, umuongeze kitu kidogo.

Siku ya posho (jumamosi) asubui epuka, kuna batoto ba masomo mingi na makelele, farasi banakuwa na bwoga. Siku ya kazi saa tisa iko kimya na monitere eko na wakati. Vaa suruali yenye haina kushona ya kuuma ndani ya mapaja, viatu vyenye kisigino kidogo juu muguu isipite mu etriye, kula kitu chepesi, mi bukari ya muchana ilinifunza. Mayi beba yako.

Lomba Bizu. Ni jike, muzee, wa langi ya kahawia na alama nyeupe ku uso, mugongo yake pana, anatembea hatua ndefu na hajali ata mbwa. Bakisema Bizu eko na kazi banakupatia Tonere, huyu mwenye mapua mekundu anachezacheza ku ngazi, wewe kaa ku kivuli ya ule muti ya manga ungojee Bizu amalize na batoto.